Jani Bila Tunda: Mchoro wa Kichaka cha Beri katika Shajara ya Meriwether Lewis, Fort Clatsop, 1806

1.0 Utangulizi

Tarehe 12 Februari 1806, Meriwether Lewis, kapteni wa jeshi la Marekani, aliandika katika shajara yake habari za vichaka viwili visivyopukutisha majani wakati wa baridi, na katikati ya maandishi hayo akachora kwa wino jani lenye ukingo wa miiba. Alikuwa Fort Clatsop, ngome ndogo ya magogo iliyojengwa karibu na mlango wa mto Columbia, katika eneo ambalo leo ni sehemu ya jimbo la Oregon. Wataalamu wa mimea wamevitambua vichaka hivyo kuwa ni Berberis aquifolium na Berberis nervosa. Wakazi wa leo wa jimbo hilo huviita zabibu za Oregon kwa sababu ya vishada vyake vya beri za buluu, ingawa havina udugu wowote na mzabibu. Lewis hakuwa na jina la kuvipa. Tena, katika maelezo hayohayo, alikiri kwamba hakujua ua wala tunda la kichaka chochote kati ya hivyo viwili.

Kauli hiyo fupi ndiyo iliyozaa makala haya. Mchoro wa mmea katika shajara ya safari kwa kawaida husomwa kama ushahidi wa kile mchoraji alichokijua. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba mchoro wa 12 Februari unafaa kusomwa pia kama ushahidi wa kile ambacho mchoraji hakukijua, na kwamba mpaka kati ya mambo hayo mawili uliwekwa na majira ya mwaka, na pia na maswali ambayo hayakuulizwa kwa watu walioishi na vichaka hivyo. Kichaka cha beri kilichochorwa bila beri ni chanzo cha kihistoria chenye pengo, na pengo lenyewe lina tarehe, mahali na sababu zinazoweza kuchunguzwa.

Chanzo kikuu ni daftari la Lewis linaloanzia 1 Januari 1806, ambalo watafiti hulitaja kama Kodeksi J na ambalo limehifadhiwa na American Philosophical Society huko Philadelphia. Pamoja nalo kuna shajara ya mwenzake, William Clark, ambaye katika miezi ya Fort Clatsop alinakili maandishi ya Lewis karibu neno kwa neno, mara nyingi pamoja na michoro yake. Kunakili huku kumewachosha wahariri wa baadaye, lakini kwa wanaume wawili waliokuwa na mto mkubwa na milima mirefu ya kuvuka kabla ya kufika nyumbani, nakala ya pili ilikuwa bima.

2.0 Mchoraji asiye na ufundi wa kuchora

Msafara wa Lewis na Clark ulitumwa na Rais Thomas Jefferson baada ya Marekani kuinunua Louisiana kutoka Ufaransa mwaka 1803. Ulianza kupanda mto Missouri mwezi Mei 1804 na kurudi St. Louis mwezi Septemba 1806. Tofauti na misafara mingi ya kisayansi ya Ulaya ya wakati huo, haukuwa na mchoraji wala mtaalamu wa mimea. Kazi zote mbili zilimwangukia Lewis, askari aliyepata mafunzo ya muda mfupi tu huko Philadelphia katika mwaka 1803, yakiwemo ya elimu ya mimea kutoka kwa Benjamin Smith Barton. Alinunua kwa dola 6 kitabu cha Barton cha misingi ya elimu hiyo, akakibeba safarini.

Maagizo ya Jefferson ya tarehe 20 Juni 1803 yanastahili kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa ndiyo kipimo ambacho Lewis alijipimia. Rais alitaka habari za udongo, wanyama na mimea, hasa isiyojulikana katika majimbo ya mashariki. Alitaka pia tarehe ambazo mimea fulani huchanua au kupoteza maua na majani. Aliagiza nakala kadhaa za kumbukumbu ziandikwe, akapendekeza nakala moja iwe juu ya gome la mti wa betula, kwa kuwa gome hilo haliharibiki upesi kwa unyevu kama karatasi ya kawaida. Mtu aliyeketi ofisini Washington alikuwa tayari amefikiria mvua.

Kwa mujibu wa maagizo hayo, maelezo ya mmea yasiyo na ua wala tunda yalikuwa na upungufu, na Lewis alilifahamu jambo hilo. Alifahamu vilevile upungufu wa mkono wake. Tarehe 13 Juni 1805, alipofika kwenye maporomoko makubwa ya mto Missouri, aliandika kwa masikitiko kwamba hakuwa na kalamu ya kishairi wala ufundi wa wachoraji mashuhuri wa kuionyesha dunia kile alichokuwa akikitazama. Kwa hiyo alipochora jani miezi minane baadaye hakuwa akijaribu kupamba ukurasa. Alichora pale tu ambapo maneno yalikuwa yakimwelemea.

Kuna jambo jingine la kimazingira ambalo wasomaji wa shajara hizi hulipita upesi. Lewis hakuwa na mwendelezo wa kumbukumbu zake mwenyewe. Kutoka mwishoni mwa kiangazi cha 1805 hadi mwisho wa mwaka huo, shajara yake ina pengo refu ambalo wanahistoria hawajakubaliana juu ya sababu yake. Alianza tena kuandika kwa utaratibu siku ya mwaka mpya. Sasa, katika ukurasa wa 12 Februari anasema kuwa vichaka hivyo alikutana navyo kwanza kwenye maporomoko makubwa ya mto Columbia. Msafara ulipita hapo mwishoni mwa Oktoba na mwanzoni mwa Novemba 1805, yaani ndani ya pengo hilo. Mkutano wa kwanza wa Lewis na kichaka hiki, basi, hauna ukurasa wake. Kinachosomwa Februari ni kumbukumbu ya Oktoba iliyoungwa na jani lililochumwa karibu na ngome.

3.0 Ukurasa wa 12 Februari

Hali ya Fort Clatsop inajulikana vizuri. Katika siku 106 ambazo msafara ulikaa hapo, kuanzia 7 Desemba 1805 hadi 23 Machi 1806, ni siku 12 tu ambazo hazikuwa na mvua. Nyama ilioza, mavazi ya ngozi yalioza, na viroboto hawakuwapa watu usingizi. Tarehe 13 Januari mishumaa ya mwisho iliisha, lakini Lewis aliandika kwa kuridhika kuwa walikuwa wamebeba kalibu na tambi, na shahamu ya elki, yule paa mkubwa wa misitu ile, ilikuwapo ya kutosha kutengeneza mingine. Sehemu kubwa ya elimu ya mimea ya msafara huu iliandikwa ndani ya kibanda chenye moshi, kwa mwanga wa mafuta ya mnyama aliyekuwa chakula cha jioni.

Maelezo ya vichaka viwili yanafuata mpangilio uliofundishwa na kitabu cha Barton. Yanaanza na shina, yanakwenda kwenye jani, kisha kijani kimojakimoja cha jani hilo, kisha ukingo wake. Cha kwanza, yaani B. aquifolium, kina shina lililosimama lisilo na matawi, lenye urefu wa futi moja hadi moja na nusu na unene wa unyoya wa bata bukini. Kipimo hicho kinafaa kutazamwa mara mbili, kwa kuwa unyoya wa bata bukini ndio uliokuwa kalamu ya zama hizo. Mwandishi alipima mmea kwa kifaa kilichokuwa mkononi mwake. Jani lake limegawanyika katika vijani jozi 3 na kimoja cha mwisho kwenye ncha, kila kimoja kikiwa na urefu wa inchi 3 na robo na upana wa inchi 1 na robo mahali kilipo kipana zaidi. Ukingoni kila pembe inaishia katika mwiba mwembamba, na Lewis alihesabu miiba 13 hadi 17. Kichaka cha pili kina shina linalolala chini na jani refu zaidi lenye jozi 6 za vijani na kimoja cha mwisho.

Msomaji atakayejaribu kuchora jani kwa kufuata maneno hayo pekee ataona ugumu wake. Idadi ya vijani inaeleweka, na vipimo vinaeleweka. Lisiloeleweka kwa urahisi ni mkao: jinsi vijani vinavyokabiliana pande mbili za ubavu mmoja bila vikonyo vyake, jinsi vinavyoinama kuelekea ncha, na jinsi ukingo unavyoingia na kutoka kati ya mwiba na mwiba. Mchoro unalimaliza tatizo hilo mara moja. Ni mchoro mdogo, wa mstari, usio na kivuli wala rangi, na haukupewa ukurasa wake. Umekaa ndani ya maandishi, ukifanya kazi ya sentensi ambayo Lewis hakuweza kuiandika.

Tofauti inaonekana ukilinganisha na samaki aliyechorwa siku 12 baadaye. Tarehe 24 Februari Lewis alipata kwa wenyeji samaki mdogo mwenye mafuta, anayejulikana leo kama eulachon, akamchora mzima kwa ukubwa wake akisema kuwa alifanya kadiri kalamu yake ilivyoweza. Samaki alikuwa mbele yake na hakukosa kiungo. Kichaka kilikuwa mbele yake pia, lakini hakikuwa kizima kwa maana ya elimu ya mimea ya karne ile. Mfumo wa Linnaeus ulipanga mimea kwa kuhesabu viungo vya ua. Mmea usio na ua haukuweza kuwekwa katika tabaka lolote. Lewis angeweza kubahatisha. Alisema tu kuwa kichaka cha kwanza kinafanana na mmea mmoja wa milima ya mashariki, akaishia hapo.

Uamuzi huo wa kutobahatisha una uzito wake. Wachoraji wa vitabu vya mimea wa karne ya 18 walizoea kuunganisha katika picha moja ua la Aprili na tunda la Agosti, wakati mwingine kutoka vichaka viwili tofauti, ili mnunuzi apate mmea uliokamilika. Picha za namna hiyo zina manufaa, lakini hazina tarehe. Jani la Fort Clatsop lina tarehe. Linamwambia mtafiti kwamba palikuwa katikati ya majira ya baridi, wakati ambapo maua yalikuwa hayajafunguka bado na beri za mwaka uliotangulia zilikuwa zimekwisha kuanguka, kuliwa na ndege au kuchumwa na watu.

Zaidi ya hayo, daftari lilidumu mahali ambapo mimea yenyewe haikudumu. Katika kiangazi cha 1805 msafara ulifukia shimoni, juu ya maporomoko ya Missouri, mizigo usiyoweza kuibeba, ikiwemo mimea iliyokaushwa. Lewis alipolifungua shimo hilo tarehe 13 Julai 1806, maji ya mto yalikuwa yameingia na sampuli zote za mimea zilikuwa zimeharibika. Kazi ya miezi ya mwanzo ya mwaka 1805 ilibaki kwenye karatasi tu.

4.0 Bakuli na jina

Kichaka kingine cha beri katika daftari hilohilo kilijulikana kwa njia tofauti kabisa. Tarehe 9 Desemba 1805, kabla ngome haijakamilika, Clark alikaribishwa katika kijiji cha Waclatsop, watu wa jamii ya Wachinook walioishi kusini mwa mlango wa mto. Bibi mmoja mzee alimletea katika bakuli la pembe mchuzi mzito wa beri zilizokaushwa, na Clark akaandika kuwa aliupenda. Akaandika pia jina la beri hizo kadiri sikio lake lilivyolipokea. Katika kurasa za baadaye Lewis aliliandika kwa tahajia ya shallun au shallon. Wenyeji walizitwanga beri hizo, wakazifinyanga kuwa mikate mikubwa, wakaikausha na kuihifadhi kwa ajili ya miezi ya mvua.

Lewis alikuwa amekiona kichaka chenyewe na kukidhania kuwa cha aina nyingine, kabla hajatambua kuwa ndicho kilichozaa beri za mikate ile. Hapa maarifa yalianzia mdomoni, yakapita kwenye jina, yakaishia kwenye jani. Katika zabibu za Oregon yalianzia kwenye jani na hayakusonga mbele. Ukurasa wa 12 Februari hauna jina la wenyeji, hauna habari ya mapishi wala ya dawa. Na hali ilikuwa na ya kusema. Mataifa mbalimbali ya wenyeji wa pwani ya kaskazini-magharibi yalizila beri hizo chungu, mara nyingi kwa kuzichanganya na beri tamu zaidi, yalitumia gome na mizizi yake kama dawa, na kutokana na sehemu ya ndani ya gome yalipata rangi ya manjano ya kutia kwenye nyuzi za vikapu. Manjano hiyo ni alama ya ukoo mzima. Anayeijua Berberis holstii ya nyanda za juu za Afrika Mashariki, kichaka chenye miiba kilichopewa jina la Holst, mkusanyaji wa mimea aliyefanya kazi Usambara katika miaka ya 1890, ataitambua akikwaruza mzizi. Lewis, ambaye alipima jani kwa robo inchi, haelekei kuwa alikwaruza gome.

Je, angeweza kuuliza? Lugha ilikuwa kikwazo cha kweli. Mawasiliano yalikwenda kwa ishara na maneno machache ya biashara, na mwezi Januari Lewis alikuwa amekiri kwamba hakuwaelewa Waclatsop vya kutosha hata kuwauliza habari za imani zao. Lakini jina la tunda si jambo la imani. Jina la shallun lilipatikana kwa ishara na maneno hayohayo machache. Kilichotofautisha vichaka viwili ni kwamba kimoja kiliingia katika biashara. Wenyeji walileta ngomeni mizizi, samaki, na beri kavu, wakauza kwa shanga na vyuma. Kilicholetwa mlangoni kiliulizwa jina. Kilichobaki msituni kilichunguzwa kimyakimya, kwa kitabu cha Barton. Daftari la Lewis kwa hiyo linaeleza mimea ya eneo lile kama ilivyopitia soko la mlangoni, jambo ambalo mtafiti wa historia ya maarifa ya wenyeji hana budi kulikumbuka kila anapolitumia.

5.0 Safari ya jina la Kilatini

Msafara ulipokuwa ukirudi mashariki mwezi Aprili 1806, wakati wa vichaka kuchanua, Lewis alikusanya tena sampuli kwenye maporomoko ya Columbia. Sampuli hizo zilifika Philadelphia. Mwaka 1807 alimlipa Frederick Pursh, mtaalamu wa mimea mzaliwa wa Ujerumani, jumla ya dola 70 ili azipange na kuzichora, akatarajia kuandika mwenyewe juzuu la elimu ya viumbe. Hakuandika. Alifariki tarehe 11 Oktoba 1809 katika nyumba ya wageni ya njiani huko Tennessee, akiwa na umri wa miaka 35.

Pursh alikwenda London akiwa na michoro yake na sehemu ya sampuli. Kitabu chake, Flora Americae Septentrionalis, kilitoka kikibeba mwaka 1814, na ndani yake vichaka vyote viwili vilipata majina yanayotumika hadi leo, Berberis aquifolium na Berberis nervosa. Shallun iliingia humo pia kwa jina la Gaultheria shallon, na hivyo neno la Kichinook likadumu ndani ya Kilatini. Pursh hakuwahi kufika Columbia. Alitaja majina hayo kutokana na matawi makavu yaliyobandikwa, na katika sheria za elimu ya mimea hilo latosha. Yeye aliyekiona kichaka kikiwa hai, kwenye mvua, hakukipa jina. Yeye aliyekipa jina hakuwahi kukiona kikiwa hai. Haiwi sahihi kumlaumu Pursh kwa hilo, kama baadhi ya waandishi wa Marekani walivyozoea kufanya. Aliitambua kazi ya Lewis kitabuni mwake, na bila yeye huenda sampuli zingebaki sandukuni kwa muda mrefu zaidi.

Mchoro ndio uliobaki sandukuni. Mwaka huohuo wa 1814 ilichapishwa huko Philadelphia simulizi ya safari iliyohaririwa na Nicholas Biddle, nayo ilifupisha baadhi ya maelezo ya mimea na wanyama wa Fort Clatsop. Michoro ya majani haikuwamo. Juzuu la kisayansi lilikabidhiwa kwa Barton, ambaye alifariki mwaka 1815 bila kulitoa. Mwaka 1818 Thomas Nuttall alivihamishia vichaka hivi katika jenasi mpya, Mahonia, kwa heshima ya Bernard McMahon, mtunza bustani wa Philadelphia aliyepokea mbegu za msafara. Mabishano kuhusu Mahonia na Berberis yanaendelea hadi sasa miongoni mwa wataalamu. Sampuli zilizokwenda London zilinunuliwa mnadani mwaka 1842 na Mmarekani, Edward Tuckerman, zikarudishwa Philadelphia. Nyingine zilikuwa hazijatoka mji huo hata mara moja: Thomas Meehan alizikuta mwaka 1896 katika hifadhi ya American Philosophical Society, ambako zilikuwa zimesahauliwa.

Mwaka 1899 bunge la Oregon lilikichagua kichaka hiki kuwa ua la jimbo. Shajara zenyewe, pamoja na michoro yake, zilichapishwa kwa ukamilifu na Reuben Gold Thwaites mwaka 1904 na 1905. Jimbo zima lilikuwa na kichaka hicho kwenye nembo zake kabla watu hawajaweza kuona jinsi kilivyochorwa katika shajara ya Lewis.

6.0 Mgeni wa siku ile

Imebaki sehemu ya kwanza ya ukurasa wa 12 Februari, ambayo waandishi wa historia ya mimea kwa kawaida huiruka ili waanze na vichaka. Kabla ya kugusa mimea Lewis aliandika tukio la siku. Mwanamume mmoja wa Waclatsop alifika ngomeni asubuhi akiwa na mbwa watatu. Siku chache nyuma, watu wa kabila lake walikuwa wamechukua nyama ya elki waliowindwa na msafara, na mbwa walikuwa fidia, kwa kuwa Wamarekani walijulikana kwa kula nyama ya mbwa. Mbwa walishtuka wakakimbia. Mwanamume huyo aliruhusiwa kulala ngomeni usiku ule.

Alikuwapo, basi. Wakati Lewis akihesabu miiba kwa mwanga wa mshumaa wa shahamu na kuandika kuwa hajui tunda la kichaka hicho, chini ya paa lilelile alikuwapo mtu aliyekulia kati ya vichaka hivyo, ambaye bila shaka alikuwa ameziona beri zake kila mwisho wa kiangazi. Shajara haisemi kwamba jani lilionyeshwa kwake. Inasema kuwa kesho yake aliondoka saa tano asubuhi, na kwamba hakuna jambo la kustahili kuandikwa lililotokea siku hiyo. Kisha Lewis anaendelea na mimea.

Inawezekana kueleza ukimya huo bila kumtuhumu mtu. Mgeni alikuja kwa ajili ya deni, na mazungumzo ya deni hayaelekei kugeuka kuwa mazungumzo ya matunda. Imani kati ya pande mbili ilikuwa imepungua. Kwa kweli ilikuwa ndogo kuliko mbwa wale watatu walivyostahili: tarehe 18 Machi watu wa msafara waliiba mtumbwi wa Waclatsop, na sababu iliyoandikwa ni kwamba ulikuwa badala ya elki walewale. Katika hali hiyo mtu aliweza kuwa mdeni, mwizi au mchuuzi machoni pa mwenye daftari, bila kuwa mjuzi wa mimea.

Nafasi haikudumu. Kati ya 1830 na 1834 homa kali ilienea katika bonde la chini la Columbia na kuua sehemu kubwa ya Wachinook. Mikataba iliyosainiwa Tansy Point mwaka 1851 haikuidhinishwa kamwe na Seneti ya Marekani. Franz Boas alipokwenda mwaka 1890 na 1891 kutafuta wasemaji wa Kichinook, karibu kazi yake yote ilimtegemea mtu mmoja, Charles Cultee, huko Bay Center kaskazini mwa mto.

Tarehe 22 Machi 1806, siku moja kabla ya kuondoka, Lewis alimwachia Coboway, chifu wa Waclatsop, ngome na samani zake, akaandika kuwa ndiye aliyewatendea wema kuliko wenyeji wengine wote wa eneo hilo. Vichaka vya miiba vilivyozunguka ngome havikutajwa. Vilikuwa vinakaribia kuchanua.